Dawa za hujaji akilazwa Mina: maboksi, kisanduku cha wiki, karatasi au simu?

Kila mwaka, wiki chache kabla ya msafara kuondoka, hualikwa kwenye semina ya mahujaji nikae meza ya nyuma na mashine ya presha, watu waje na dawa zao tuzikague. Safari iliyopita bibi mmoja alimwaga mkoba wake mezani: vifuko vitano vya plastiki, kila kimoja na vidonge vidogo vyeupe, na juu yake kwa kalamu ya buluu 1x1, 1x2, ½x1. Jina la dawa, hakuna. "Hiki cha presha," akaanza kunionyesha, "hiki cha sukari, hiki cha kukojoa, hiki cha miguu, na hiki... mwanangu, hiki alinipa daktari mwenyewe, nimeshasahau cha nini."

Tukacheka. Kisha nikamwuliza: "Bibi, ukianguka Mina, mimi sipo, mjukuu hayupo, nesi atavisomaje hivi?" Akavitazama vifuko vyake kama anayeviona mara ya kwanza.

Mimi ni mfamasia, si sheikh, kwa hiyo ya ibada nawaachia wenyewe. Ninachotaka kulinganisha hapa ni njia ambazo watu wetu hutumia kubeba dawa na habari za dawa zao, nikizipima kwa swali moja tu: ukishalazwa, ipi itamsaidia mtu asiyekujua akupe dawa sahihi?

Kwanza, hospitali yenyewe

Hospitali za Mina na Arafa, kama Al-Jisr, Al-Wadi na ile ya Jabal al-Rahma, hubeba mzigo wake mkubwa kwa siku chache za Dhulhija. Wafanyakazi wengi huletwa kwa msimu kutoka mikoa mingine ya Saudi Arabia. Daktari anaweza kuwa Mmisri au Msudani, nesi Mfilipino au Mhindi. Faili linaandikwa Kiingereza, wodini wanaongea Kiarabu, na mgonjwa kitandani anaongea Kiswahili, Kihausa au Kiindonesia. Matibabu kwa hujaji ni bure, na hilo ni jambo kubwa. Lakini tazama idadi: mwaka 2024 walihiji watu 1,833,164, na tarehe 17 Juni joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 msimu ule, wengi wao wakiwa watu waliokwenda bila kibali. Siku kama hiyo wagonjwa wanaingia mfululizo, na kila nesi ana dakika chache tu kwa kila mtu.

Na mwanamume anafika akiwa na shuka mbili. Ihramu haina mfuko.

Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni yake ya dawa bila madhara kule Bonn, Machi 2017, lilitaja maeneo matatu ya kuangaliwa kwanza: mazingira yenye hatari kubwa, wagonjwa wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja, na nyakati ambapo mgonjwa anahama kutoka mikono hii kwenda mikono ile. Hujaji wa miaka 70 mwenye presha na sukari anayo yote matatu kwa siku moja. Hata waliolazwa Madina husafirishwa kwa msafara wa magari ya wagonjwa hadi maeneo matakatifu wasikose Arafa, maana bila Arafa hakuna Hija. Ni huruma ya kupendeza, ila kila gari linapobadilisha timu, orodha ya dawa inapita mkono mwingine.

Ukishalazwa: umeze zako au za hospitali?

Hapa ndipo watu wetu wanapogawanyika. Wengine wanaamini dawa ya nyumbani ndiyo inayowajua. Wengine wanaona dawa ya Saudia lazima iwe kali zaidi, basi wanameza zote mbili.

Faida ya dawa zako ni kweli: ni zile zile ulizozoea, na hakuna dozi itakayorukwa kwa kusubiri duka la dawa la hospitali. Ubaya wake ni kwamba hospitali yenye utaratibu haiwezi kumpa mgonjwa kidonge isichokijua. Utaratibu wa kawaida ni dawa za mgonjwa kupokelewa, kuandikwa na kufungiwa, na zitumike tu iwapo mfamasia amezitambua na daktari ameziandikia. Kifuko cha 1x2 hakitambuliki. Vidonge vyeupe vya amlodipine (presha), furosemide (ya kukojoa) na glibenclamide (sukari) vinaweza kufanana hadi mimi mwenyewe nisithubutu kubahatisha. (Majina nayaandika kama yalivyo kwenye boksi, maana ndivyo utakavyoyanakili.)

Hatari kubwa zaidi ni dawa iliyofichwa chini ya mto. Nesi anampa mgonjwa dawa ya sukari, naye baadaye anatoa ya kwake, kwa sababu ile ya nesi ilikuwa ya njano na yake ni nyeupe. Ikiwa ni glibenclamide, mtu huyo anaweza kushuka sukari usiku akiwa amelala, na wodi ikadhani ni joto limemzidi.

Mimi nachagua dawa za hospitali kwa kila kitu, isipokuwa zile ambazo kubadilisha kampuni au kukosa dozi ni hatari: za kifafa kama carbamazepine na phenytoin, na za VVU. Hizo mpe nesi mkononi, zikiwa kwenye chombo chake chenye jina, umwombe daktari aamue. Usizifiche. Najua kwa nini watu huhamisha dawa za VVU kwenye kopo lisilo na jina, na siwalaumu, mahema ya Mina hayana siri. Lakini dolutegravir, ambayo iko ndani ya kidonge kimoja wanachomeza wengi wa kwetu, huongeza kiwango cha metformin, dawa ya sukari, kwenye damu. Daktari asiyejua unaimeza ataandika metformin kama kawaida. Andika jina la kitaalamu kwenye karatasi, ikunje, iwe ya macho ya daktari peke yake. Jina hilo atalielewa, na jirani wa kitanda halimwambii kitu.

Vibebeo vinne kando kwa kando

| Njia | Inamwambia nini nesi | Inakuangusha wapi |
|---|---|---|
| Maboksi halisi | Jina, nguvu ya dawa, tarehe ya kuisha | Haisemi unamezaje. Sanduku kubwa linabaki hoteli ya Makka |
| Kisanduku cha siku saba | Kama leo umemeza | Haina jina hata moja |
| Karatasi ya dawa | Jina, dozi, saa, ugonjwa, mzio | Ikiandikwa vibaya, kosa linasafiri nayo |
| Picha kwenye simu | Yote, kama inafunguka | Chaji, nywila, na simu yenyewe kuibwa au kuanguka |

Maboksi ndiyo ushahidi bora, nayo yana faida ya pili inayosahaulika: uwanja wa ndege wa Jeddah. Tramadol (ya maumivu), diazepam (ya wasiwasi na usingizi) na pregabalin (ya maumivu ya neva) zinadhibitiwa vikali Saudi Arabia, na anayezitumia anatakiwa kuwa na cheti na maelezo ya daktari. Ukipita na vidonge vya aina hiyo kwenye kifuko kitupu, mazungumzo yatakuwa marefu. Tatizo la kwetu ni kwamba duka la dawa linakukatia vidonge kumi kwenye karata, na jina linabaki kwenye kipande cha dukani. Kwa safari hii nunua karata nzima. Kama boksi ni kubwa, likunjue, ukate ubavu wenye jina, uufunge na karata kwa mpira. Unapomeza, anzia upande usio na jina wala tarehe.

Kisanduku cha siku saba kinapendwa na vijana wanaowapeleka wazazi wao, na kwa hoteli ya Makka au Madina kinafaa kweli. Mzee anayesahau ataona Jumatatu iko tupu. Ila kwa hospitali ni kama vifuko vya bibi vilivyowekwa kwenye nyumba nzuri zaidi. Sikitupi, ila kisiende peke yake.

Simu ni msaidizi. Piga picha ya kila boksi na ya karatasi yako, umtumie kiongozi wa msafara na mtu mmoja nyumbani. Kuitegemea peke yake siwezi kukushauri. Nimewaona watu wakihangaika na kidole cha mzee aliyepoteza fahamu, wakijaribu kufungua simu iliyofungwa kwa alama ya kidole, na kidole kimejaa vumbi na jasho.

Karatasi, basi. Kama ungeniruhusu kitu kimoja tu, ningechukua karatasi. Mahujaji huvaa shingoni kadi ya Nusuk, kitambulisho chao rasmi cha Hija. Karatasi iliyokunjwa mara mbili inakaa nyuma yake. Iandikwe Kiingereza, kwa herufi kubwa za kuchapa, jina la kitaalamu la dawa na si la kampuni, maana jina la kampuni linaweza kuwa halipo Saudia kabisa. Usiandike 1x2. Kwetu ni kimoja mara mbili kwa siku. Nesi kutoka India amezoea 1-0-1, yaani asubuhi na usiku, na mwingine atasoma kitu kingine. Andika kwa maneno. Weka mzio juu kabisa, na namba ya pasipoti.

Kwa nini namba ya pasipoti? Nesi hutambua mgonjwa kwa vitu viwili kabla ya kumpa dawa, mara nyingi jina na tarehe ya kuzaliwa. Sasa hesabu akina Fatma Ali na Mohamed Juma wa wodi moja ya Mina. Kisha kumbuka kwamba wazee wengi wasioijua siku waliyozaliwa wameandikiwa tarehe 1 Januari kwenye pasipoti. Majina yanafanana, tarehe zinafanana, na kidonge kinakwenda kitanda cha jirani. Namba ya pasipoti haifanani. Mwambie mzee wako aitazame bangili watakayomfunga mkononi, na asikatae nesi anapomwuliza jina lake kwa mara ya kumi. Kuna wazee wanaona ni dharau.

Usiipige laminesheni. Daktari akibadilisha dozi Madina, lazima iandikike. Mfuko wa plastiki wa kawaida unatosha kuzuia jasho na maji ya zamzam.

Saa mbili ya nani?

Hili nalikalia kidogo, kwa sababu ni kosa letu sisi Waswahili.

Mzee anaulizwa kwa mkalimani wa simu anachoma insulini saa ngapi. Anajibu: "Saa mbili usiku." Simu ikitafsiri neno kwa neno, nesi anaandika 2 usiku, yaani saa nane za usiku kwetu. Mzee aliyezoea kuchoma kabla ya chakula cha jioni anaandikiwa sindano akiwa usingizini, tumbo tupu. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ameisoma saa yake.

Nilidhani nimepata dawa yake: tuandike kwa swala. "Baada ya Alfajiri, baada ya Magharibi." Kila nesi wa Saudia anaielewa, na mzee hasahau. Inafanya kazi vizuri hadi tarehe 9 Dhulhija. Siku hiyo mahujaji wanaondoka Arafa jua likishazama, na Magharibi wanaiswali pamoja na Isha huko Muzdalifa. Kwa foleni ya mabasi, kufika kunaweza kuwa karibu na usiku wa manane. Aliyeambiwa "baada ya Magharibi" anasubiri swala, na dawa yake inachelewa saa nne au tano. Mtu wa kifafa hawezi kucheza na saa hizo.

Kwa hiyo sasa naandika kwa tarakimu za saa 24 tu: 07:00, 19:00. Kando yake, kwa ajili ya mzee mwenyewe, naandika kwa Kiswahili "saa moja asubuhi, saa moja usiku". Mstari mmoja wa nesi, mstari mmoja wa mwenye mwili.

Insulini

Kwa insulini uchaguzi ni tofauti na vidonge, na nadhani ni rahisi. Iliyokwisha pigwa jua kwenye begi haifai kuaminiwa hata kama inaonekana safi. Isiyofunguliwa hutakiwa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi huvumilia chini ya nyuzi 30 kwa takribani wiki nne. Mina nje ya hema inazidi hapo. Ukilazwa, chukua ya hospitali, na uulize ni aina gani. Hemani, mfuko wa kitambaa unaopozwa kwa maji unafanya kazi kama mtungi wa bibi, na ni salama kuliko kuilaza juu ya barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imekufa.

Chupa na bomba, au kalamu? Chupa ni nafuu na ndiyo wengi wanayo, ila ina mtego. Insulini ya kwetu ina yuniti 100 kwa mililita, na bomba lake, ambalo kwa kawaida lina kifuniko cha rangi ya chungwa, limepimwa kwa hiyo. India bado kuna insulini ya yuniti 40, na mabomba yake, kwa kawaida yenye kifuniko chekundu. Bomba lako likiharibika, jirani mkarimu wa hema la pili akakuazima la kwake, ukavuta hadi alama ya 20, umevuta nusu mililita. Kwa insulini yako hiyo ni yuniti 50. Ukarimu umekuchoma mara mbili na nusu.

Kalamu inaondoa hesabu hiyo, na kwa mzee asiyeona vizuri kubofya ni rahisi kuliko kusoma mistari. Sharti lake moja halina mjadala: kalamu moja, mtu mmoja, hata ukibadilisha sindano ya mbele. Mwenye uwezo wa kupata kalamu kwa wiki hizo za safari, aichukue. Mwenye chupa abebe mabomba ya kutosha na ya ziada.

Nani amsemee mgonjwa

Mtoto wa mgonjwa anajua historia, lakini mbele yake mama hatasema kila kitu. Mfano wa wazi ni norethisterone, vidonge vya kuahirisha hedhi ili mwanamke asikose tawafu. Wengi wanavinywa, karibu hakuna anayevitaja, hasa anayetafsiriwa na mwanawe wa kiume. Akifika na mguu mmoja umevimba baada ya safari ndefu ya ndege na basi, daktari anahitaji kujua, kwa sababu ya hatari ya damu kuganda. Mkalimani wa hospitali ni bora, akipatikana. Mkalimani wa simu anafaa kwa "unaumwa wapi", hafai kwa dozi. Na kuna bahati ambayo Waswahili tunayo: mahujaji wa Oman wenye asili ya Zanzibar, wanaoongea Kiarabu na Kiswahili kama maji. Waulize. Ya siri yaachie karatasi.

Siku ya kuruhusiwa

Wengi wanaharakisha kutoka, na ninawaelewa; kuna mtu anayeficha hata kifua kinachombana asije akazuiwa kwenda Arafa. Anatoka na mfuko wa dawa mpya, anarudi hotelini, na kule sandukuni dawa za nyumbani zinamsubiri.

Mama mmoja wa msafara wetu alirudi na Concor, boksi safi, akaendelea na kidonge chake cha nyumbani kwa sababu "hiki ni cha moyo, kile ni cha presha". Siku ya pili alikuwa hawezi kupanda ngazi tatu. Tuliyaweka maboksi mawili kitandani, kando kwa kando, nikamwomba asome si jina kubwa bali lile dogo la chini. Alivaa miwani, akasoma la kwanza herufi kwa herufi: bisoprolol. Akachukua la pili, akasoma polepole zaidi. Kisha akayaweka yote mawili chini, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "kumbe ni yule yule."